Fidia kwa Aliyegongwa na Dereva Mlevi: Uzito wa Kumbukumbu za Hospitali

Mtu anapojeruhiwa na dereva mlevi, huweza kuzuka mashauri mawili. La kwanza ni la jinai: Jamhuri humshtaki dereva, na faini anayotozwa huingia serikalini. La pili ni la madai: majeruhi mwenyewe humdai dereva, na pengine mmiliki wa gari, fidia ya madhara aliyoyapata. Anayengoja la kwanza akidhani litamrudishia gharama za matibabu huweza kupitwa na wakati, kwani nchini Tanzania Sheria ya Ukomo humpa miaka 3 ya kufungua shauri la namna hii.

Ushahidi unaoyeyuka

Kikomo cha kilevi kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kwa kawaida mwili huondoa takriban miligramu 15 hadi 20 kila saa. Hivyo dereva aliyekuwa na miligramu 100 wakati wa ajali huenda akawa chini ya kikomo kabla ya saa 2 kutimia. Kwa sababu hiyo, polisi wanapoomba kipimo, saa ya kutoa damu haina budi kuandikwa, na ngozi isisafishwe kwa spiriti. Harufu ya pombe peke yake si uthibitisho. Jeraha la kichwa au upungufu wa sukari huweza kumfanya mtu apepesuke na kuropoka kama mlevi. Tabibu huandika alichokiona, si alichokihisi.

Kipimo kikikosekana, madai hayafi. Katika shauri la madai hutosha kuonyesha kwamba uzembe wa dereva una uwezekano mkubwa zaidi kuliko kutokuwapo kwake, na mashahidi wa barabarani huweza kulithibitisha hilo.

Fidia hupimwaje?

Gharama halisi, kama vile dawa, nauli, magongo na mapato yaliyopotea, hudaiwa kwa kutajwa moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Stakabadhi iliyotupwa ni fedha iliyotupwa. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama, nayo hutegemea sana taarifa ya daktari. Kuandika "mguu ulivunjika" hakutoshi. Fundi cherehani ambaye mfupa wake wa paja umeunga ukiwa mfupi, asiweze tena kukanyaga pedali, anastahili taarifa inayoeleza hayo yote, pamoja na matibabu anayoyahitaji baadaye.

Malipo yenyewe mara nyingi hutoka kwenye bima. Sheria humlazimu mwenye gari kuwa walau na bima ya mtu wa tatu, iitwayo bima ndogo. Namba ya usajili wa gari hutosha kuanza kuitafuta kampuni husika, nayo ipewe taarifa ya madai mapema.

Majeruhi au ndugu zake watunze nakala ya fomu ya polisi ya PF3, stakabadhi na vyeti vyote. Mgonjwa mahututi hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Kwa mhudumu wa afya, wajibu ni tarehe, saa, maelezo yanayosomeka na sahihi yake. Miaka 2 baadaye, kidonda kikiwa kimefunga na dereva akikana, karatasi hiyo ndiyo itakayosema mahakamani.