Baiskeli Saba Barabarani: Upepo, Mvua na Nafasi Baina ya Magurudumu

Katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, kila Jumamosi alfajiri, huonekana watu saba wakiendesha baiskeli kwa mstari mmoja, gurudumu la mbele la huyu likiwa karibu kabisa na gurudumu la nyuma la yule. Mpita njia aweza kudhani kwamba wanashindana. Hawashindani. Ni marafiki: mwalimu wa fizikia aliyestaafu, muuguzi, fundi wa pampu za maji, ndugu wawili wenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana mmoja karani, na mwandishi wa makala haya. Tumekwenda pamoja kwa miaka tisa, kiangazi na masika. Safari yetu ya kawaida ni hadi njia panda ya Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro, yaani KIA, na kurudi. Mara chache, tukijaliwa, hufika Moshi, ambako ni kilomita 80 hivi.

Makala haya yanaeleza jambo ambalo kikundi hiki kimejifunza kwa gharama. Ukaribu uleule unaompunguzia mwendesha baiskeli kazi ndio unaomnyima muda wa kusimama, na hali ya hewa haiiachi mizani hiyo itulie hata kwa saa moja.

Hewa iliyo mbele yetu

Mtu aendaye polepole, tuseme kilomita 10 kwa saa, haihisi hewa. Kazi yake kubwa ni kuyashinda matairi yanayobonyea juu ya lami. Lakini afikapo kilomita 30 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zake zote hutumika kuisukuma hewa. Sababu yake ni kwamba kani ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, kani huwa mara nne, na nguvu inayotakiwa kila sekunde ili kuishinda kani hiyo huwa mara nane. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kufika kilomita 35 kwa saa huona kana kwamba ameshikwa shati.

Hapo ndipo rafiki anapofaa. Anayetangulia huipasua hewa, na nyuma yake hubaki eneo ambalo hewa yake inaburutwa kumfuata. Anayeingia katika eneo hilo hupunguza matumizi ya nguvu kwa kiasi cha robo hadi theluthi, kulingana na ukaribu wake na mwendo wa kikundi. Katika makundi makubwa ya mashindano faida hiyo ni kubwa mno. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake walichunguza kundi la waendeshaji 121 kwa hesabu za kompyuta na kwa majaribio katika handaki la upepo, wakaona kwamba walio katikati na nyuma ya kundi hukabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa ambao wangekutana nao kama wangekuwa peke yao.

Sisi ni saba tu, kwa hiyo hatuoni maajabu ya namna hiyo. Hata hivyo theluthi si haba kwa mtu mwenye umri wa miaka 67, na huo ndio umri wa mwalimu wetu. Aghalabu watu hawajui kwamba hata anayetangulia hunufaika kidogo, kwa maana anayemfuata huujaza ule upungufu wa kanieneo unaomvuta nyuma. Mwalimu hulitaja jambo hili kila anapotaka kuhalalisha kukaa nyuma. Fundi, ambaye mapafu yake ni ya punda, hukaa mbele dakika kumi bila kulalamika. Karani hukaa dakika moja, kisha akaanza kuangalia cheni yake.

Barabara moja, hali ya hewa tatu

Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, miguuni mwa mlima Meru. Hewa yenye unyevu itokayo Bahari ya Hindi hulazimika kupanda inapokutana na mlima huo na ule wa Kilimanjaro. Ikipanda hupoa, kiasi cha nyuzi 10 za sentigredi kwa kila mita 1,000, mpaka ishindwe kuuchukua mvuke wake wote. Ndipo huwa mawingu na mvua. Kwa sababu hiyo Tengeru na Usa River ni nchi ya migomba na kahawa. Ukishapita Maji ya Chai na Kikatiti, nchi hufunguka na kukauka. Kufikia njia panda ya KIA uko katika mbuga ya nyasi baina ya milima miwili, ambako kisulisuli huzungusha vumbi mchana kutwa. Endelea kupita Boma Ng'ombe na Kwa Sadala, na kabla hujavuka daraja la Weruweru utakuwa umeingia chini ya mlima mwingine, na mvua yake nyingine. Mwezi wa Julai tumewahi kuondoka Arusha katika manyunyu tukiwa na makoti, tukayavua Kikatiti kwa jua, tukayavaa tena kabla ya Moshi.

Mbugani adui ni upepo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukivuma usoni mwa mtu aendaye kilomita 25 kwa saa, hewa humjia kwa kilomita 45 kwa saa, na kani yake huwa zaidi ya mara tatu ya ile ya siku tulivu. Siku kama hiyo ukaribu ni neema tupu. Lakini upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, nasi twaelekea mashariki, hivyo mara nyingi hutupiga ubavuni upande wa kuume. Kivuli cha upepo huwa kimeangukia nyuma na upande wa kushoto wa anayetangulia. Wanamashindano hujipanga mshazari kuvuka barabara ili wote wapate kivuli hicho. Barabara yetu ina malori na mabasi. Kujipanga mshazari huko ni kutafuta kifo, nasi tumekubaliana kuipoteza faida hiyo yote. Kila mtu hula upepo wake.

Msomaji asidhani kwamba hewa ya siku ya unyevu ni nzito, ingawa hivyo ndivyo inavyosemwa vijiweni. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo. Uzito unaohisiwa ni wa mwili unaoshindwa kukausha jasho.

Matone ya kwanza

Mwishoni mwa Novemba 2021 vuli ilikuwa imechelewa, na barabara ilikuwa na vumbi la majuma mengi. Tulikuwa tukirudi, tumeshapita Usa River, tukiteremka mteremko mfupi kuelekea mmojawapo wa mito itokayo Meru. Fundi alikuwa mbele, kisha muuguzi, kisha mimi, na nyuma yangu mwalimu. Matone yakaanza. Tulifurahi, maana joto lilikuwa kali, na hakuna aliyepunguza mwendo. Daladala ikasimama kituoni kushusha abiria, fundi akashika breki, muuguzi akashika breki. Nilikuwa nusu mita nyuma yake. Niliponyonga breki zangu hazikushika kitu. Gurudumu langu la mbele likagusa gurudumu lake la nyuma. Yeye akayumba akasimama, mimi nikaanguka, na mwalimu, ambaye hakuwa na pa kwenda, akaangukia juu yangu. Mtulinga wake wa kushoto ulivunjika.

Kwa nini niliyegusa ndiye nilianguka, na si aliyeguswa? Baiskeli husimama wima kwa kuwa mwendeshaji, au baiskeli yenyewe, huigeuza daima kuelekea upande inakoinamia, na magurudumu yakarudi chini ya uzito. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba siri ni mzunguko wa magurudumu, kama pia. Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, walieleza jinsi walivyotengeneza baiskeli ambayo athari hiyo ilifutwa, nayo ikajisimamisha vilevile. Ilimradi iweze kujigeuza inapoinama. Sasa gurudumu la mbele likibanwa ubavuni na gurudumu la mwenzako, kugeuka huko huzuiwa, na anguko huja kabla hujasema neno. Gurudumu la nyuma halina kazi ya kuongoza, hivyo aliyeguswa huponea.

Kuhusu utelezi, wengi walinilaumu kwa matairi yangu yasiyo na meno. Lawama hiyo si ya haki. Kuna kanuni iliyotokana na kazi ya Walter Horne wa NASA, Marekani, katika miaka ya 1960, inayoonyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea kanieneo ya upepo uliomo ndani. Kwa upepo wa kawaida wa baiskeli ya barabarani, jibu hupita kilomita 120 kwa saa. Baiskeli haielei. Kilichotuponza ni mafuta ya magari na vumbi vilivyokusanyika juu ya lami, ambavyo matone machache huvigeuza kuwa utando wa utelezi. Mvua ikinyesha kwa muda, utando huo huoshwa. Dakika za mwanzo ni mbaya kuliko saa nzima ya mvua kubwa. Zaidi ya hayo, breki zangu ni zile za raba zinazobana rimu, na rimu iliyolowa haishikiki mpaka raba ziyapanguse maji, jambo linalohitaji gurudumu lizunguke mara kadhaa.

Nilipokwenda kumwona mwalimu, mkono ukiwa umefungwa shingoni, nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu, pole sana." Akajibu, "Marahaba, nimeshapoa. Ulikuwa umbali gani?" Nikasema nusu mita. Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaniomba nimletee karatasi na kalamu, na kwa kuwa mkono wake wa kushoto ndio anaoandikia, nikaandika mimi, yeye akisema.

Kwa kilomita 30 kwa saa, mtu husafiri zaidi ya mita 8 kila sekunde. Tukikadiria kwamba sekunde moja hupita tangu jicho kuona mpaka vidole kubana, mita hizo 8 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Katika lami kavu, breki nzuri huhitaji mita 7 zaidi. Katika lami iliyolowa, ikiwa uwezo wake umepungua kwa nusu, mita 14. Kwa vile aliye mbele naye hasimami papo hapo, kinachohitajika baina ya wawili ni walau ile nafasi ya sekunde moja. Nilikuwa na nusu mita. Siku za ukavu tulikuwa tukiishi kwa kuaminiana: kwamba wa mbele hatashika breki ghafla, na kwamba akishika, wote tutashika kwa nguvu sawa. Mvua iliondoa sharti hilo la pili bila kutuarifu.

Tukaendelea na hesabu, na hapo mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akipungua kutoka kilomita 30 hadi 20 kwa saa, mtu hupambana na kani ya hewa iliyo sehemu nne tu katika tisa za ile ya kwanza, yaani chini ya nusu. Kivuli cha mwenzake kingempa nafuu ya theluthi. Kwa hiyo kupunguza mwendo humpa mzee nafuu kubwa kuliko kumng'ang'ania wa mbele yake, na nafasi ya sekunde moja kwa mwendo huo ni chini ya mita 6, zaidi kidogo ya urefu wa baiskeli tatu.

Kinachobaki kulipwa ni muda, na muda mvuani ni baridi. Katika kila sehemu nne za nishati ambayo mwendeshaji huitumia, moja hivi hufika kwenye pedali na tatu huwa joto. Mbugani joto hilo ni mzigo, na huondoka kwa jasho la theluthi mbili za lita au zaidi kwa saa. Mvuani, mtu akienda polepole, tanuri hilo hupungua moto, hali nguo zilizolowa zinanyonya joto. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Julai mwaka uliofuata karani alipata pancha karibu na Tengeru. Dakika ishirini za kubandika kiraka katika manyunyu zilitosha kumfanya atetemeke hata akashindwa kushika tairi, na maneno yake yakaanza kukatika. Muuguzi ndiye aliyetambua. Alimvua shati, akamvika sweta kavu, akatuamuru tuingie kibandani tunywe chai ya moto, na hakuna aliyebishana naye. Tangu hapo hatubandiki kiraka mvuani. Tunabadilisha tyubu nzima, na wasiohusika hukaa barazani.

Mwalimu alirudi barabarani baada ya miezi mitatu. Ndugu wenye duka wamenunua baiskeli zenye breki za diski, ambazo hazijali sana maji; mimi ningali na za raba, nami lami ikilowa huzigusa kidogo kila mara ili zipanguse rimu.

Jumamosi iliyopita matone yalitukuta juu kidogo ya Maji ya Chai. Fundi akainua mkono akaita, "Maji!" Mstari ukafunguka kama shanga zilizokatika uzi, kila mmoja peke yake na upepo wake, kilomita 20 kwa saa. Tulifika Arusha nusu saa baada ya wakati wetu, tumelowa, wote saba. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, ambako hupenda kukaa.