UZI: Mji umejaa watu, mbona foleni ya kura ya wadi ni fupi?

1/ Kila kukiwa na uchaguzi mdogo wa MCA, ubishi huwa ule ule. Huyu anasema "watu wamechoka na siasa", yule anasema "vijana kelele ni za mtandaoni tu". Wote wanaruka swali la kwanza: hiyo asilimia imetolewa wapi?

2/ Waliopiga kura hugawanywa kwa walioandikishwa, sio kwa wakazi. Na sajili ina waliohama, hata waliokufa. Ukaguzi wa kabla ya uchaguzi wa 2022 ulipata wafu zaidi ya 200,000 ndani yake. Kwa hivyo si kila asiyeonekana kituoni ni mvivu. Wengine wako makaburini.

3/ Sasa chukua Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji 2021, au Eldoret, 2024. Mtu amepanga nyumba hapo miaka kumi, duka liko hapo, watoto wanasoma hapo. Kura? Iko ushago. Na sheria inataka upigie kura pale ulipojiandikisha. Uchaguzi mkuu atapanda matatu aende. Lakini uchaguzi mdogo ukitokea kwa wadi anayolala, yeye ni mtazamaji. Hayumo hata kwenye ile asilimia.

4/ Tena jiji letu halichagui meya. Tangu kaunti zianze 2013, jiji huwa na bodi, na wajumbe wake huteuliwa. Kwa mambo ya mtaa wako, mtu wa kumpigia kura ni MCA.

5/ "MCA ni wa nini bana?" Bunge lake ndilo hupitisha sheria ya fedha ya kaunti: ada ya soko, ya kuegesha gari, leseni ya biashara. Mama mboga huisikia hiyo sheria asubuhi kabla hajauza hata fungu moja la sukuma.

6/ Agosti 2017 walijitokeza karibu 80%. 2022, karibu 65%. Na hizo zilikuwa kura sita kwa siku moja, ya rais ikivuta zingine. Ondoa ya rais uone. Mwenye kibarua anapiga hesabu: nikipanga foleni, jioni tutakula nini?

7/ Hakuna kiwango cha chini cha waliojitokeza. Tuseme wadi ina walioandikishwa 20,000, wakaja 5,000, wagombea sita. Mwenye 1,500 anaweza kushinda. Hiyo ni 7.5% ya sajili, na ni halali kabisa. Ndiyo maana mgombea wa wadi hahangaiki watu wote waje. Anahangaikia watu wake: stegi ya boda, chama cha kina mama, ukoo. Ukikaa nyumbani kwa hasira, umemrahisishia hesabu.

8/ Wanaouliza kuhusu kuhamisha kura: enda na kitambulisho ofisi ya IEBC ya eneobunge unakotaka kupigia. Fanya hivyo mapema, maana uchaguzi ukikaribia shughuli hiyo husimamishwa. Ukingoja hadi leso zianze kugawanywa, umechelewa.