Mkuki wa Shakespeare na Ngao Zinazouzwa kwa Jina

Tarehe 20 Oktoba 1596, fundi wa glavu wa mji wa Stratford-upon-Avon, John Shakespeare, alipewa ngao ya ukoo. Aliyempa ni William Dethick, mkuu wa maofisa wa College of Arms, taasisi ya London inayotoa na kutunza ngao za namna hiyo tangu 1484. Kwa ngao hiyo John akawa na haki ya kuitwa muungwana, yeye na uzao wake. Mmoja wa wanawe alikuwa William, yule mtunzi wa tamthilia ambaye Mwalimu Julius Nyerere alitufasiria katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Ngao yenyewe haina mambo mengi: uwanja wa dhahabu, mshipi mweusi unaokatiza kimshazari, na juu ya mshipi huo mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Juu ya ngao amesimama kozi mweupe aliyekunjua mabawa, naye ameshika mkuki. Kwenye rasimu yaliandikwa maneno ya Kifaransa cha kale ambayo maana yake ni "si bila haki".

Siku hizi, katika maduka ya watalii ya Uingereza na Ireland, na kwenye intaneti, mtu hutaja jina lake la ukoo akauziwa ngao iliyochapwa kwenye kikombe, pamoja na karatasi ya maana za alama. Dhahabu ni ukarimu, nyeusi ni uthabiti, mkuki ni ushujaa. Natamani kila anayelipia karatasi hiyo aitazame kwanza ngao ya John Shakespeare, kwa sababu mkuki ule una kazi mbili zinazojulikana, na ushujaa haumo.

Kazi ya kwanza ni kutamka jina. Shakespeare masikioni mwa Mwingereza ni "tikisa mkuki", na wachora ngao wa Ulaya walipenda mno kuchora jina la mtu. Ufalme wa Castilla ulichukua ngome, León ikachukua simba. Sir Roger de Trumpington, ambaye bamba lake la shaba liko kanisani karibu na Cambridge, alibeba matarumbeta mawili. Asiyejua kusoma aliitazama ngao akamjua mwenyewe.

Kazi ya pili ilidhihirika ugomvi ulipozuka. Mwaka 1602 Ralph Brooke, ofisa wa College of Arms hiyo hiyo, alimshtaki Dethick kwamba anagawa ngao kwa watu wa hali ya chini, akaorodhesha majina 23. Katika nakala iliyobaki ya malalamiko hayo, chini ya mchoro wa ngao ya Shakespeare limeandikwa jina na kazi: mwigizaji. Kwa Brooke neno hilo lilitosha kuwa shutuma. Hoja nyingine ilikuwa kwamba mshipi mweusi juu ya dhahabu ni ngao ya Lord Mauley. Dethick na mwenzake William Camden walijibu kwamba mkuki uliolazwa juu ya mshipi unatosha kuzitofautisha ngao hizo mbili. Wakaongeza kwamba John alishika uhakimu mjini kwake, ameoa binti wa ukoo wa Arden, na ana uwezo wa kuitunza hadhi hiyo. Majibu hayo nayaona kuwa yana thamani kuliko kamusi yoyote ya alama. Yanaonyesha mtu alivyopimwa: cheo, ndoa na mali.

Kukosekana kwa tofauti ndogo kama ile kuliweza kufikisha watu mahakamani. Mwaka 1385, katika msafara wa kivita wa Mfalme Richard II kwenda Scotland, Richard Scrope na Robert Grosvenor waligundua kwamba wamebeba ngao moja, ya buluu yenye mshipi wa dhahabu. Kesi yao ilivuta miaka kama mitano na mashahidi mamia, akiwemo mshairi Geoffrey Chaucer. Scrope alishinda, na Grosvenor akalazimika kutafuta ngao nyingine.

Kanuni za rangi nazo zilitokana na haja ya kutambuliwa kwa mbali. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, huhesabiwa metali. Nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni rangi. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Kwa hiyo mkuki wa dhahabu ulihitaji mshipi mweusi chini yake. Habari za rangi kuwa na tabia njema, sayari yake na kito chake zilishamiri katika vitabu vya baadaye, kama kile cha Gerard Legh cha 1562 na cha John Guillim cha 1610, wakati ngao za kurithi zilianza karne ya 12.

Ngao hurithiwa kwa damu. Jina peke yake halitoshi. Geoffrey wa Anjou, aliyefariki 1151, alibeba simba wa dhahabu kwenye uwanja wa buluu, na simba hao wanaonekana tena kwenye kaburi la mjukuu wake, William Longespée, katika kanisa kuu la Salisbury. Kwa akina Shakespeare urithi haukufika mbali. Hamnet, mwana pekee wa kiume wa William, alizikwa Agosti 1596, wiki kumi tu kabla babu yake hajapewa ngao. Ndugu wa kiume wa William walimtangulia kufa, naye alipofariki Aprili 1616, uzao wa kiume wa John ulikatika. Mjukuu wa mwisho wa William, Elizabeth, alifariki 1670 bila mtoto. Anayeitwa Shakespeare leo akinunua kikombe chenye mkuki ule, anabeba alama ya watu wasio wazee wake. Scotland ni wakali zaidi: chini ya sheria ya 1672, kujitwalia ngao isiyosajiliwa kwako ni kosa.

Naelewa kwa nini wasomaji wetu wengi huamini kwamba jina hubeba alama, kwa kuwa Buganda ndivyo ilivyo. Kule ukoo una mwiko wake, fungo, mbega, fisi-maji au kamongo, na ukoo una hazina ya majina yake. Ukilisikia jina la mtu, mara nyingi umejua ukoo wake, mnyama asiyemla, na wasichana asioweza kuwaoa. Alama ni ya wote waliozaliwa humo. Mwingereza aliyerithi ngao hana undugu wa namna hiyo na kila anayeitwa kama yeye.

Anayetaka ngao ya haki huomba yake mwenyewe. Kenya ina Sheria ya College of Arms, Sura ya 98. Canada ilianzisha mamlaka yake mwaka 1988, na raia yeyote anaweza kuiandikia. Huko ndiko iliko ngao ya Michaëlle Jean, mzaliwa wa Haiti aliyekuwa Gavana Mkuu wa Canada kuanzia 2005 hadi 2010. Juu ya ngao yake kuna kome kubwa la baharini, lile linalopulizwa kama baragumu, na mnyororo uliokatika. Kome na mnyororo huo vinawataja wazee wake waliojinasua utumwani, na maelezo hayo yamewekwa kwenye kumbukumbu rasmi pamoja na mchoro, akiwa hai mwenyewe kuyathibitisha.