Pono, Samaki wa Usingizi na Kazi

Mwanafunzi asiyesikia kengele ya asubuhi husemwa kuwa amelala usingizi wa pono. Wengi wanaotumia maneno hayo hawajapata kumwona pono mwenyewe, maana shule yetu iko mbali na bahari. Mimi nimezaliwa pwani, na pono nimemla tangu utoto wangu. Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari zake. Tena nataka kumtetea, kwa sababu usingizi wake unajulikana kila mahali lakini kazi yake haitajwi.

Umbo lake. Pono ni samaki mnene mwenye magamba makubwa. Meno yake yameshikamana yakawa kama mdomo wa kasuku, na ndiyo maana Waingereza humwita samaki kasuku. Wako wa rangi ya kahawia au kijivu, na wako wa buluu, kijani na waridi waliopambwa kama kanga. Katika aina nyingi, wale wasio na rangi za kupendeza huwa majike, na wenye rangi kali huwa madume. La ajabu ni kwamba wengi wa madume hao walianza maisha yao wakiwa majike. Dume mkubwa akitoweka, jike mkubwa aweza kugeuka dume na kushika mahali pake. Zamani wataalamu walipowaona wa rangi mbili walidhani ni aina mbili mbalimbali.

Makao yake. Hukaa katika bahari za joto, penye miamba ya matumbawe, kama ile ya pwani ya Kenya na Tanzania. Wengine hupenda kukaa katika majani ya baharini.

Kazi yake. Kutwa nzima pono hukwaruza mwamba kwa meno yake apate mwani. Mtu akipiga mbizi karibu naye huisikia sauti ya meno hayo. Vipande vya mawe anavyomeza husagwa kwa meno mengine yaliyomo kooni, kisha hutoka nyuma yake vikiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa kuliko wote, mwenye nundu kichwani, huweza kula zaidi ya tani 5 za mwamba kwa mwaka. Huko Maldivi, wataalamu waliopima mchanga wa kisiwa kimoja walieleza mwaka 2015 kuwa zaidi ya sehemu 85 katika kila 100 za mchanga mpya zilitokana na pono. Basi, mchanga tunaochezea mpira ufukweni, mwingine umepita tumboni mwa samaki!

Usingizi wake. Jua likichwa, pono huingia katika pango la mwamba akalala. Baadhi yao hutoa ute mdomoni, wakajifunika nao mwili mzima kama mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mfano huu si wa mzaha. Majaribio yaliyofanywa Australia, yakatangazwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa pono waliovuliwa ute huo walishambuliwa na vijidudu vinyonyavyo damu zaidi sana kuliko wenzao.

Hatari yake. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakafa. Jiwe tupu likiachwa huota mwani, na matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Pono na wenzake walao mwani ndio wafagiao mahali hapo. Lakini pono hunaswa kwa urahisi katika madema na nyavu, na usingizi wake nao humponza: katika Visiwa vya Solomon, wavuvi wenye tochi na mikuki huwakuta wale wenye nundu wamelala makundi makundi, wakawachoma.

Nchi ya Belize ilikataza kuvua pono mwaka 2009. Kenya ilitenga sehemu za bahari huko Malindi na Watamu mwaka 1968, ambamo uvuvi hauruhusiwi. Siwaambii watu wa pwani waache kitoweo chao, kwani hata nyumbani kwetu hatujaacha. Nasema tu kwamba tukiwamaliza wafagizi, mwamba utaota mwani. Na mwamba ukifa, samaki wengine nao watakosa nyumba, na mvuvi atarudi na dema tupu.