JE, WAJUA? Samadi ya kale bado inalisha nyumbu

Je, wajua kwamba wafugaji walioishi Kenya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita wangali wanawalisha wanyamapori?

Watafiti walichunguza maboma matano ya kale katika Kaunti ya Narok, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature. Maboma hayo yana umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700.

Ilikuwaje? Mchana mifugo ilikula malisho ya mbali. Usiku ikalala zizini. Hivyo rutuba ya eneo pana ikarundikana mahali pamoja ikiwa samadi. Wafugaji walipohama, nyasi nono zikaota. Hadi leo udongo wa pale una fosforasi, kalisi na magnesi kwa wingi kuliko udongo wa jirani.

Nani hufaidi? Nyumbu, pundamilia na swala hupenda kulisha kwenye viwanja hivyo vya kijani, vyenye upana wa mita 100 hivi. Kinyesi chao nacho huendeleza rutuba.

Karibu na Nairobi: Kilima cha Lukenya, upande wa Athi River, kina mabaki ya wafugaji wa enzi hizo: vigae vya vyungu, zana za mawe na mifupa ya mifugo.

Anayekuza sukuma wiki kwenye gunia la udongo na samadi katika mitaa ya Nairobi kama Kayole au Umoja anatumia nguvu ileile ya samadi. Binadamu anaweza kuiacha ardhi ikiwa na rutuba zaidi kuliko alivyoikuta.