Mganga hajigangi: Madaktari wanaojiandikia dawa za uraibu

Wahenga walisema mganga hajigangi. Msemo huo unawahusu hasa madaktari wanaojiandikia dawa za usingizi au za maumivu makali, ambazo zikishazoeleka ni vigumu kuziacha.

Kisa mashuhuri ni cha William Halsted, bingwa wa upasuaji wa Marekani. Mwaka 1884 alijidunga kokeini akichunguza uwezo wake wa kutia ganzi. Ikamnasa. Alipolazwa akapewa mofini, nayo ikamnasa. Aliendelea kupasua na kufundisha Johns Hopkins, siri yake wakiijua wachache, hadi alipofariki mwaka 1922.

Hapa Uingereza, Baraza Kuu la Madaktari (GMC) linawataka madaktari waepuke kujiandikia dawa kila inapowezekana. Zile zinazodhibitiwa kisheria ni kwa dharura tu. Sababu iko wazi: daktari akijitibu, nani atamuuliza, "Mbona dawa zimeisha mapema?"

Wako wanaonyamaza kwa kuhofia leseni zao. Ndiyo maana mwaka 2008 ilianzishwa London huduma ya kuwatibu madaktari na kuwatunzia siri. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna daktari, mhimize naye awe na daktari wake.