Umelipia megabiti 500, simu inaonyesha 45: tofauti inaliwa wapi?

Mwaka 2024 Safaricom ilipanga upya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani. Megabiti 15 kwa sekunde zikawa shilingi 2,999 kwa mwezi, 30 shilingi 4,100, 80 shilingi 6,299, na 500 shilingi 12,499. Gawanya bei hizo za 2024 kwa kasi: mwenye kifurushi cha 30 analipa takriban shilingi 137 kwa kila megabiti, mwenye 500 analipa 25. Ukiitazama hivyo, kupanda daraja ni nafuu kubwa.

Hesabu hiyo inashika pale tu kasi inapofika kwa mtumiaji. Chukua mtu wa kifurushi cha 500 aliyejilaza chumbani na simu yake imeshika bendi ya gigahezi 2.4, kipimo cha kasi kikamwonyesha 45. Kila megabiti inayomfikia inamgharimu shilingi 278, zaidi ya mara mbili ya anazolipa jirani wa kifurushi cha 30 anayezipata zote 30. Na kama alitoka kwenye 80 akapanda hadi 500 kwa sababu simu ilikuwa ikikwama chumbani, amejiongezea shilingi 6,200 kwa mwezi, yaani 74,400 kwa mwaka, na chumbani bado anapata zile zile 45. Pesa hizo ni karo ya mtu. Ndiyo sababu nataka tufuatilie tarakimu moja baada ya nyingine mpaka ijulikane tofauti kati ya kipimo cha waya na cha waifai inapoliwa.

Waya kwanza, maana hesabu yake ni fupi. Data husafiri kwa pakiti. Kwenye waya wa Ethernet pakiti ya kawaida hubeba baiti 1,500, lakini ukijumlisha anwani, alama za ukaguzi na ile nafasi tupu inayoachwa kabla ya pakiti inayofuata, inachukua mahali pa baiti 1,538. Ndani ya zile 1,500 kuna vichwa vya kuielekeza pakiti na kuifuatilia, kwa kawaida baiti 52. Data yako halisi ni 1,448. Gawanya 1,448 kwa 1,538 upate asilimia 94.1. Basi waya wa gigabiti moja hutoa megabiti 941 hivi, na waya wa megabiti 100 hutoa 94. Hasara ni asilimia sita, leo na kesho, mchana na usiku, kwa sababu ndani ya waya data hupishana pande zote mbili kwa wakati mmoja na hakuna jirani anayeingilia.

Ile 94 ikumbuke vizuri. Kuna nyumba ambazo waya hupima 94 na simu hewani inapima 300, mwenye nyumba akaamini kipimo kimeharibika. Kipimo ni kizima. Waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne. Gigabiti moja huzihitaji zote nane. Megabiti 100 hutosheka na nne. Uzi mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika kwa kubanwa na mlango, au fundi akikosea kuupanga kwenye kichwa cha waya, vifaa hushuka kimyakimya hadi 100 na havitoi onyo lolote. Pia ziko ruta za bei nafuu zilizoandikwa AC1200 ubavuni huku matundu yake ya waya yakiishia megabiti 100. Hiyo 1200 yenyewe ni 300 ya bendi moja na 867 ya bendi nyingine, zikajumlishwa na kukuzwa kidogo. Hakuna simu itakayoipata. Televisheni nyingi nazo zina tundu la waya la 100 na waifai iliyo na kasi zaidi. Kwa hiyo waya ukikupa 94 isiyopanda wala kushuka kwenye kifurushi cha 500, kagua waya na tundu kabla ya kumpigia simu mtoa huduma.

Hewani hesabu hugeuka, na hapa inafaa tukae kidogo. Chaneli ni moja kwa wote. Ruta ikisema, simu inasikiliza. Simu ikisema, ruta inanyamaza. Na kila chombo kinapaswa kuhakikisha hewa imetulia kabla ya kufungua mdomo. Tuchukue hali njema kabisa: bendi ya gigahezi 5, chaneli pana ya megahezi 80, simu yenye antena mbili, mita mbili kutoka kwenye ruta. Kasi itakayoandikwa kwenye simu ni megabiti 866.7. Kwa kasi hiyo pakiti ya baiti 1,500, ambayo ni biti 12,000, husafiri kwa sehemu 14 za milioni ya sekunde, yaani mikrosekunde 14.

Angalia sasa kinachoizunguka safari hiyo fupi. Kwanza kuna kungoja kimya mikrosekunde 34. Kisha chombo hujichagulia namba ya bahati kuanzia 0 hadi 15 na kuhesabu kurudi nyuma, kila hatua mikrosekunde 9, ili visianze viwili pamoja. Wastani wa ngojangoja hiyo ni 67.5. Halafu kuna utangulizi wa kumwamsha mpokeaji na kumweleza kasi itakayotumika, mikrosekunde 44. Pakiti inapita kwa 14. Mpokeaji anapumua 16, anarudisha jibu la kwamba amepokea kwa 28. Jumla ni takriban mikrosekunde 203, na data imechukua 14 tu. Biti 12,000 kwa mikrosekunde 203 ni megabiti 59 kwa sekunde. Kutoka 867 tumebaki na 59, na hakuna ukuta, hakuna jirani, hakuna kosa lolote lililotokea.

Dawa ya hasara hiyo iliingizwa kwenye kanuni za waifai mwaka 2009, toleo la 802.11n: kama matatu isiyoondoka stejini na abiria mmoja, ruta hukusanya pakiti nyingi zikasafiri kwa zamu moja. Zikiwa 64, data huchukua mikrosekunde 886, na gharama ya kungoja inabaki karibu ile ile, 190. Sasa inatoka megabiti 714. Toa pakiti zinazoharibika njiani na majibu ambayo simu yenyewe lazima iombe zamu kuyarudisha, utabaki na 500 hadi 600. Simu nzuri karibu na ruta nzuri hupata hizo. Zaidi ya hapo, ile namba ya 867 kwenye skrini haitafikiwa na kipimo chochote, kwa sababu inaeleza kasi ya pakiti ikiwa angani na haihesabu muda wa kungoja zamu.

Ondoka chumba hicho, ukaongeza umbali mara mbili: nguvu ya mawimbi inabaki robo. Pita ukuta wa zege, unaoweza kula desibeli 10 hadi 20: inabaki sehemu moja ya kumi, au moja ya mia. Kuta nene za matumbawe za Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar hazina huruma zaidi. Mawimbi yakidhoofu, simu haikatiki ghafla; hupunguza kasi ngazi kwa ngazi. Kwenye bendi ya 2.4, kwa toleo la 802.11n, chaneli ya kawaida na antena moja, ngazi ya juu ni megabiti 72.2 na ya chini ni 7.2. Ile 45 tuliyoanza nayo ni tunda la ngazi ya juu kabisa baada ya kukatwa gharama za zamu. Kwa simu hiyo, mahali hapo, faiba ya 80 na faiba ya 500 ni kitu kimoja.

Anayekaa pabaya hajiumizi peke yake. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, Martin Heusse na wenzake, walionyesha kwamba chombo kimoja cha polepole huwashusha wote. Ijaribu hesabu. Simu moja iko kwenye 72.2 na nyingine jikoni kwenye 7.2, zikipeana zamu pakiti kwa pakiti. Ya kwanza hutumia mikrosekunde 166, ya pili 1,667. Jumla 1,833 kwa kila mzunguko, na kila simu imepata pakiti moja, yaani megabiti 6.5. Iliyokaa pazuri imeburutwa hadi kwenye kasi ya jikoni. Ruta za siku hizi zinazogawa muda badala ya pakiti huiachia ya kwanza 36 na ya pili 3.6. Kati ya mambo yote yanayoandikwa kwenye boksi la ruta, hilo ningelitafuta kabla ya idadi ya antena.

Kisha majirani. Bendi ya 2.4 ina chaneli 13, lakini zimesogeana kiasi kwamba zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11. Kila ruta hutangaza jina lake mara moja katika kila milisekunde 102.4, na nyingi hulitangaza kwa kasi ya mwaka 1997, megabiti 1. Tangazo la baiti 250 kwa kasi hiyo huchukua milisekunde 2.2, yaani zaidi ya asilimia 2 ya muda wote wa hewa. Kwenye ghorofa za mitaa ya Pipeline au Roysambu jijini Nairobi, ruta 15 kusikika kwenye chaneli moja si ajabu. Hapo asilimia 32 ya hewa imeliwa na majina tu, kabla mtu hajafungua video. Usiku majirani wakiingia mtandaoni, hewa iliyobaki nayo hugombaniwa. Ndiyo maana kipimo cha waifai saa nne asubuhi na saa tatu usiku hutofautiana wakati cha waya hakijatikisika.

Vifaa vya kupimia navyo vina mchango, ingawa mdogo. Simu inaweza kuchagua seva ya Nairobi na laptopu ikachagua ya London. Programu moja hufungua miunganisho mingi kwa pamoja, nyingine mmoja. Chagua seva ile ile na programu ile ile, la sivyo unalinganisha safari mbili tofauti.

Wengi hukimbilia kununua ripita. Ripita inayopokea na kurusha kwenye chaneli moja hupitisha kila pakiti hewani mara mbili, kwa hiyo hugawa kasi nusu kwa nusu. Waya wa mita 15 uliopitishwa juu ya dari hadi kwenye ruta ya pili haudai hasara hiyo, na bei yake haifiki tofauti ya mwezi mmoja kati ya kifurushi cha 80 na cha 500.

Basi kabla ya kupanda daraja, chomeka laptopu yenye tundu la gigabiti moja kwa waya mzima, zima waifai yake, pima asubuhi, mchana na saa tatu usiku, uandike namba na saa. Waya ukitoa karibu na ulicholipia, kampuni imetimiza na kazi iliyobaki ni ya ndani ya nyumba. Waya ukitoa 120 kila jioni kwenye kifurushi cha 500, una malalamiko yenye uzito na karatasi ya kuyathibitisha. Kampuni nazo zina deni kwa wateja. Tangazo la megabiti 500 lilipaswa kutaja, kwa herufi za ukubwa ule ule, kwamba hiyo ni kasi ya waya, na kuandika chini yake kiasi ambacho ruta wanayoikabidhi inaweza kutoa kwenye 2.4 na kwenye 5. Namba hizo wanazo, na fundi anayekuja kufunga ruta anaweza kuzipima sebuleni na chumbani kabla mteja hajatia sahihi.